Vigingi vya Bluu

Kiboko aliyekuwa akila mahindi ya Baba Pacha alikuwa na jina lake. Watu wa bondeni walimwita Bwana Shamba, kwa sababu, walisema, tangu wazaliwe huyo ndiye bwana shamba pekee aliyewahi kuja kukagua mashamba yao, tena bila kuitwa, na haachi tuta hata moja bila kulipitia. Ulikuwa utani mchungu. Lakini mtu aliyeliwa shamba akanyimwa na kicheko, atabaki na nini?

Asubuhi ile Bwana Shamba alikuwa ameingia kwa upande wa bwawani, akala kona nzima, akaondoka zake. Mama Pacha alisimama katikati ya mabua yaliyokanyagwa, mikono kiunoni. Msimu uliopita walikuwa wameliwa shamba zima, halikubaki hata la kuchoma, na nyumba ikaishi kwa unga wa kuombaomba kwa ndugu zake. Alikuwa bado anaikumbuka sura ya wifi yake akimpimia unga ule kwa kikombe cha chai, kisha akikisawazisha kwa kidole ili usizidi. Msimu huu ndio waliouwekea roho. Mahindi yalikuwa yameshatoa ndevu. Yakifika kukauka, nyumba ingekula. Yakiliwa tena, hakukuwa na mlango mwingine wa kwenda kubisha.

Mumewe hakuwa akiyatazama mahindi. Alikuwa amechuchumaa pembeni na kopo la rangi iliyobaki kwenye kazi yake ya kutengeneza baiskeli, anakipaka kigingi. Bwana Shamba alikuwa amekikanyaga kikalala, naye alikuwa amekisimamisha, amekigongea jiwe, na sasa anakirudishia bluu yake taratibu, ulimi nje, kama anayepaka baiskeli ya mteja mkubwa.

Vigingi hivyo vilikuwa vinne, kila kona kimoja, na viliwekwa na watu wa kituo cha utafiti. Tuseme ukweli: watu wa kituo walikuwa wamefanya jambo. Bwawa lile lilikuwa limekufa. Kwa miaka mingi maji yake yalivutwa kwa mitaro kwenda kwenye mashamba ya wakubwa, likabaki tope lililopasuka na mbu. Kituo kikaja, kikaziba mitaro, kikapanda matete, kikayarudisha maji. Ndege wakarudi, samaki wakarudi, visima vya bondeni vikaacha kukauka. Viboko nao wakarudi, wakakuta kwenye kingo zao za zamani watu wamelima. Hakuna aliyewauliza viboko na hakuna aliyewauliza watu. Ndipo kituo kikaanza utafiti wa kuona vipi pande hizi mbili zikae bila kuumizana.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi mpaka inachekesha. Kiboko hajui kuruka. Ukimzungushia shamba nguzo fupi na nyaya mbili, wa chini na wa juu, wa juu ukiwa wa kufika gotini, anasimama, ananusa, anageuza. Mashamba yaliyopigiliwa vigingi vyekundu yaliwekewa uzio huo mwanzoni kabisa. Yenye vigingi vya bluu yaliambiwa yasubiri, zamu yao itakuja. Na wakati wa kusubiri wasibadilishe kitu, wasijenge kitu, wasiharibu vigingi.

Aliyewaambia maneno hayo ni mdogo wake Baba Pacha, tumbo moja, ziwa moja. Kituo kilikuwa kimempa kazi ya kupima hasara mashambani, na kwa vile utepe wa kupimia haukubanduka kiunoni mwake hata msibani, watu walimwita Tepu. Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kinywani mwa mama yake peke yake.

Hata asubuhi ile Tepu alikuwepo, anapima kona iliyoliwa. Baba Pacha alimshikia ncha ya utepe, akamsogezea mabua ili asijikwae, akamwonyesha na mengine yaliyovunjika ambayo yeye hakuyaona. Mama Pacha aliwatazama ndugu wawili wakipima njaa ya nyumba yake kwa utulivu ule, akajisikia kuwatupia kitu wote wawili.

"Shemeji," alisema, "ukishapima hivi, huwa inakuwaje?"

"Napeleka kituoni."

"Wakishaipokea?"

"Wanaifanyia kazi." Tepu alikunja utepe wake bila kumtazama. "Zamu yenu haiko mbali, shemeji."

Jirani yao, mjane aliyesuka mikeka na kwa hiyo akaitwa Bi Mikeka, naye alikuwa na vigingi vya bluu. Aliwahi kusema waziwazi kwamba yeye angeweka miiba na watu wa kituo waje wamfunge. Hakuiweka. Na sababu ya kutoiweka ilikuwa Baba Pacha mwenyewe. Mwanzoni mwa msimu Baba Pacha alikata matawi ya miiba, akayapanga upande wa bwawani, yakawa kama boma. Tepu alipokuja akayaona, alimwita kaka yake pembeni, akamwambia kaka, ukiweka hivyo utajitoa kwenye mpango, na uzio hutaupata. Baba Pacha akayatoa. Aliyaburuta tawi moja moja kwa mikono yake, akachomwa, akayachoma moto, akawahimiza na wenzake wenye bluu wawe wavumilivu. Alisema watu waliorudisha bwawa zima hawashindwi kuleta waya. Ndiyo ulikuwa uungwana wake, na ndio uliomponza.

*

Siku chache baadaye, kukiwa kumeshapambazuka lakini ukungu haujaondoka, Baba Pacha alishuka shambani kutazama kulivyolala. Bwana Shamba alikuwa bado yumo. Kiboko akikuona hana ugomvi na wewe. Ugomvi unakuja ukisimama kati yake na maji yake. Baba Pacha alikuwa amesimama palepale lilipokuwa boma la miiba, uwazi wa kwendea bwawani, kwa sababu ndiko kulikokuwa na kigingi alichokuja kukitazama. Mnyama alipita. Hakung'ata, hakugeuka, alipita tu, na mfupa wa paja la Baba Pacha ukavunjika.

Wodi ya mifupa ilikuwa na vitanda vingi kuliko nafasi. Mguu wa Baba Pacha ulikuwa umeinuliwa kwa kamba iliyofungwa uzito upande wa pili, na kila muuguzi aliyepita aligusa uzito ule kwa bahati mbaya, akasema pole, akaendelea na safari yake. Mama Pacha alikaa ukingoni mwa kitanda kwa kuwa benchi lilikuwa na watu. Fundi wa baiskeli asiyeweza kuchuchumaa si fundi tena. Waganga wa wodi walishasema mguu utakuwa wa kuchechemea, na hilo wote wawili walikuwa hawajalizungumza bado.

Ndipo akaja Daktari, na Tepu nyuma yake amebeba mfuko.

Huyu Daktari hakuwa wa hospitali. Alikuwa mtafiti wa pale kituoni, msichana mpole, msomi wa mambo ya viumbe na mazingira yao, mwenye utafiti wake wa vigingi. Mara ya kwanza alipofika nyumbani, mama yake Baba Pacha alimwonyesha magoti yake yote mawili, na alipoelezwa kwamba huyu anatibu mabwawa, bibi akateremsha gauni akasema basi ni sawa, bwawa nalo liliugua sana. Tangu hapo walipendana.

Daktari aliwasalimu kwa heshima, akawapa pole ya kweli, machozi yakimlengalenga. Mfuko ulikuwa na sabuni, sukari, juisi, na fulana mpya nyeupe yenye picha ya kiboko anayecheka na maandishi: TUISHI PAMOJA. Mama Pacha aliikunja fulana ile akaiweka chini ya mto, kwa sababu aliona haya kuiacha juu wagonjwa wengine waisome.

Baba Pacha alifurahi kutembelewa. Alijikaza akainua kichwa.

"Vigingi vipo salama," alimwambia Daktari. "Nilivipaka rangi upya. Kimoja kililala lakini nilikisimamisha. Usiwe na wasiwasi."

"Asante, baba. Hukupaswa kuhangaika hivyo."

"Sasa nilitaka kuuliza, maana mahindi yanakaribia na mimi ndiyo hivi, siwezi kulinda. Zamu yetu ni lini?"

"Zamu gani?" akauliza Daktari.

Hakuwa akijifanya. Alimtazama Baba Pacha, akamtazama Mama Pacha, kisha taratibu akageuka kumtazama Tepu. Tepu alikuwa akiusoma ukuta.

"Zamu ya uzio," alisema Mama Pacha. "Sisi wa bluu."

Daktari, na hili tumpe, hakudanganya. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mashamba ya bluu hayana zamu. Yaliachwa bila uzio kwa makusudi. Ukitaka kujua kama uzio unafaa, alisema, lazima uwe na mashamba yenye uzio na mashamba yasiyo nao, uyapime yote, ulinganishe. Kompyuta ndiyo iliyochagua ya kuwekewa na ya kuachwa, bila upendeleo. Kila kaya ilitakiwa kuelezwa hivyo mapema na kukubali kwa hiari yake. Yeye aliamini wameelezwa. Kazi ya kueleza alipewa mpimaji.

Baba Pacha alisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, na hapo ndipo mkewe alipotaka kulia, maana mumewe alikuwa anajitahidi kuelewa, kama mtu aliyeelekezwa njia na mgeni.

"Kwa hiyo," alisema, "nikiliwa sana, kwenu ndiyo inakuwa vizuri?"

"Sio vizuri, baba. Inasaidia kuonyesha..."

"Inasaidia kuonyesha," alirudia Baba Pacha, akakirudisha kichwa kwenye mto.

Daktari aliahidi kuongea na mkuu wa kituo siku hiyohiyo. Alipoondoka, Tepu alibaki amesimama, anasubiri kutukanwa. Kaka yake hakumtukana. Alifumba macho akasema anataka kulala, na mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyesikia yote, akageukia upande wa pili.

*

Jibu la mkuu lililetwa na huyohuyo Tepu, mchana wa siku ya pili yake, nyumbani kwa kaka yake. Mkuu alisikitika sana. Utafiti ulikuwa umebakiza msimu huu tu, na haiwezekani kubadilisha mambo katikati, maana kazi yote na misaada yote iliyotolewa itakuwa bure. Kituo kitampa Baba Pacha cheti cha shukrani.

Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni na ungo wa maharage mapajani, anachambua. Mama Pacha alikuwa anafua mashuka ya hospitali. Mapacha walikuwa shule. Bibi hakuinua macho.

"Ulijua?" alimuuliza mwanawe.

"Mama, mimi ni mtu mdogo pale..."

"Sijakuuliza urefu wako. Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya vigingi. Mimi ndiye niliyevipigilia."

Mama Pacha aliacha kufua. Povu lilimtiririka mpaka kwenye viwiko na hakulifuta.

Tepu alianza kujieleza, na akishaanza ilikuwa vigumu kumzuia. Alisema alipopewa kazi ya kuelezea watu, nyumba ya kwanza tu ya bluu ilimfukuza kwa mchi. Nani angekubali? Akaona akisema zamu itakuja, watu watatulia. Na ingekuja kweli, maana matokeo yakitoka mazuri, wafadhili wataleta waya wa bonde zima, wekundu kwa bluu. Lakini wafadhili hawatoi kwa kuambiwa, wanatoa kwa kuonyeshwa. Kama wa bluu nao wangejiwekea uzio, hakuna ambacho kingeonekana. "Nyie msipoliwa, shemeji," alisema, na akaonekana kujutia neno kabla halijaisha, "hakuna atakayeamini kwamba uzio unafaa."

"Kwa hiyo kazi yetu sisi ni kuliwa," alisema Mama Pacha.

"Mimi sikuwachagua. Ilichagua kompyuta."

Mama yake aliweka ungo chini.

"Kompyuta haijanyonya kwangu," alisema. "Wewe umenyonya. Kaka yako alitoa miiba kwa mikono yake kwa sababu ulimwambia wewe. Angeambiwa na kompyuta asingeitoa."

Kwenye mshahara wake wa kituoni ndiko zilikotoka dawa za magoti ya mama yake, na Tepu alikuwa na neno hilo kwenye ncha ya ulimi, na jambo moja la kumshukuru siku ile ni kwamba alilimeza. Aliaga. Hakuna aliyemwitikia. Alipopita uani, shati la kituo mgongoni limeloa jasho, Mama Pacha aliona kwa mara ya kwanza jinsi anavyofanana na kaka yake anapotembea, na hilo likamwongezea hasira badala ya kumpunguzia.

"Utafanyaje, mwanangu?" mama mkwe alimuuliza.

"Nitawarudishia vigingi vyao," alisema.

*

Viligoma kutoka. Mumewe alikuwa amevigonga sawasawa. Ilibidi avichimbue kwa jembe, kimoja kimoja, na rangi ya baiskeli ikambandukia viganjani. Alivifunga kwenye kitambaa, akavitwika, akaenda kituoni asubuhi kweupe, kwa njia kuu, kila mtu amuone.

Kulikuwa na wageni. Gari tatu safi zilikuwa zimeegeshwa kivulini na watu wenye kofia za jua walikuwa wakitembezwa. Pembeni ya jengo, upande wa bwawani, kulikuwa na bustani ya mboga ya kituo. Kabichi, nyanya, vitunguu, mistari imenyooka. Na kuizunguka bustani nzima kulikuwa na nguzo fupi na nyaya mbili, wa juu wa kufika gotini, zimekazwa vizuri.

Mama Pacha alikuwa amepita pale mara nyingi kuuza mayai. Uzio ule alikuwa akiuona siku zote. Leo ndiyo aliuona.

Aliutua mzigo wake. Aliokota jiwe, akaenda kona ya kwanza ya bustani, akaanza kupigilia kigingi cha bluu. Wageni walisogea. Walidhani ni sehemu ya maonyesho, na mmoja wao akamwomba ainue jiwe tena ili apige picha. Alikuwa kwenye kona ya tatu mkuu wa kituo alipofika, mtu mzima mwenye viatu vya matope visivyo na tope.

"Mama, habari ya asubuhi. Kuna nini tena hapa?"

"Nzuri. Nimewaletea vigingi vyenu." Hakuacha kugonga. "Kuanzia leo bustani hii ni ya bluu. Toeni waya. Msiweke kitu, hata miiba. Mpimaji atakuja kupima kitakacholiwa."

"Lakini bustani hii haimo kwenye utafiti, mama."

"Hata mimi sikujua kama nimo."

Mkuu alitabasamu, akawatazama wageni, akatabasamu tena. Akasema kwa sauti ya kutuliza mtoto kwamba analielewa suala lake, kwamba pole sana kwa mzee, na kwamba njia nzuri ni aandike barua ili lishughulikiwe kwa utaratibu. Mama Pacha akasimama wima. Alisema kwa sauti ya kawaida, na kwa vile kila mtu alikuwa amenyamaza, ilifika mbali, kwamba mumewe amelala na mguu hewani, kwamba aliitoa miiba yake kwa kuambiwa asubiri zamu ambayo haipo, na kwamba kabichi hizi, ambazo hazina watoto, zimezungushiwa waya tangu siku ya kwanza. Akauliza kama kuna mtu hapa anayeweza kumwambia kabichi zilichaguliwa na kompyuta gani.

Mgeni mmoja alimwinamia Daktari akamuuliza anasema nini. Daktari alikuwa amesimama nyuma yao, uso umemshuka. Akamtafsiria. Alitafsiri yote, neno kwa neno, mpaka kabichi, huku mkuu akimkonyeza anyamaze. Tepu naye alikuwepo, ameshika mwavuli wa wageni, na mwavuli ulikuwa umemwegemea begani kama kuni.

Hapo mkuu akaonyesha kwa nini ni mkuu. Aliingia stoo mwenyewe, akatoka amebeba roli moja la waya na mkasi wake, akatangaza kwamba kituo hiki kinasikiliza jamii. Akamwita Mama Pacha asogee. Akampa upande mmoja wa roli, yeye akashika upande wa pili, akageuza uso kwenye kamera.

"Tabasamu kidogo, mama," alisema.

Waya ulikuwa mikononi mwake, nusu. Mahindi yalikuwa shambani, nusu. Mama Pacha alisimama pale, viganja vya bluu, mkuu bega kwa bega naye, wageni wakipiga picha wakirudia, na wala hakutabasamu. Ila hakuuachia waya. Alisimama mpaka walipotosheka. Hicho ndicho walichomtoza, na alikilipa chote, na ni lazima siku hizi picha hiyo imetundikwa mahali fulani penye ukuta mzuri.

Wageni waliposogea mbele, mkuu alimwambia bila tabasamu kwamba kuanzia sasa kaya yao imeondolewa kwenye utafiti. Mama Pacha akajitwika roli lake.

Nguzo walizitoa kwenye kibanda ambamo Baba Pacha alitengenezea baiskeli. Mama Pacha alikuwa amepitia hospitali kumuuliza mwenyewe, naye Baba Pacha alifikiri kidogo, akasema vunjeni, nitajenga kingine nikisimama. Mama mkwe alishika nguzo, Bi Mikeka alichimba, Mama Pacha akakaza waya mpaka mikono ikachubuka. Jioni shamba lilikuwa limezungukwa, nyaya mbili, wa juu wa kufika gotini. Roli lilikuwa limeisha lote.

*

Asubuhi walikwenda kutazama. Mahindi yalikuwa yamesimama, yote. Mama mkwe alisema hata hajui acheke au alie, akafanya vyote viwili.

Nyayo za Bwana Shamba zilikuwa zimekuja mpaka kwenye waya, upande uleule wa siku zote. Zilisimama hapo, tope likiwa limekanyagwakanyagwa. Kisha zikageuka, zikafuata waya hadi ulipokata kona, zikaingia kwa Bi Mikeka.

Mjane alikuwa amekaa chini kwenye kilichokuwa shamba lake. Hakuwa akilia. Alikuwa ameokota hindi moja changa lililokanyagwa, analimenya maganda moja moja bila sababu. Nusu ya shamba ilikuwa imekwenda, na tope la jana, la kuchimbia mashimo ya mwenzake, bado lilikuwa kwenye kucha zake. Vigingi vyake vinne vya bluu vilikuwa vimesimama mahali pake.

Na Tepu alikuwepo. Alikuwa katikati ya shamba, shati la kituo, utepe umenyooshwa, anapima.

Mama Pacha aliwatazama wote wawili. Yakapita mambo mengi usoni mwake, na mojawapo, tusimpambe, lilikuwa kurudi nyumbani na kufunga mlango. Mahindi yake yalikuwa salama. Aliyalipia. Hakuna ambaye angemlaumu.

Alirudi shambani kwake. Alianzia nguzo ya kona, akafungua fundo, akaanza kuutoa waya wa juu. Mama mkwe alipoelewa, alishika kichwa. Kisha akaenda upande wa pili, akaanza kuukunja.

Tepu alikuja mbio. "Shemeji, unafanya nini? Unaharibu uzio."

"Naugawa."

"Lakini ni nyaya mbili ndiyo zinazozuia. Waya mmoja..." Alitafuta maneno. Safari hii alikuwa na hofu ya kweli kwa ajili ya mahindi ya kaka yake. "Waya mmoja hatujaupima, shemeji. Hakuna anayejua."

Mama Pacha alimalizia fundo la mwisho. Aliinama, akaokota jembe la kuchimbia mashimo, akamnyooshea mpini.

"Leo hupimi," alimwambia. "Leo unachimba."

Tepu alilitazama jembe. Alitazama njia ya kituoni, kisha mama yake, aliyekuwa amesimama na kitanzi cha waya begani, anamsubiri, na aliyemwita kwa jina lake, lile la nyumbani, mara moja tu.

Utepe ulikuwa bado umetandazwa shambani kwa Bi Mikeka, kutoka kigingi hadi kigingi. Hakurudi kuukunja. Alipokea jembe, akauliza shimo la kwanza lianzie wapi.